Boksi Lililoruka Neno Lisilolijua

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini, na sidhani kama itanitoka. Ni siku niliyosimama ufukweni, viatu vimejaa maji, mdomo wazi kama mtu aliyeona mzimu, kwa sababu ya viboksi viwili vya plastiki ambavyo ungeweza kuvifunga kwenye pindo la kanga. Ngoja nikusimulie taratibu. Najua nyie vijana mnapenda mambo yaishe haraka, lakini leo utanivumilia, chai bado ya moto.

Na usinicheke ninapojiita mzee. Umri wangu si mkubwa kiasi hicho, naujua, na shangazi zangu wakinisikia watanichapa. Lakini katika kazi hii yetu ya vifaa vidogo, mtu aliyekaa nayo tangu simu za kubonyeza ni bibi kizee. Mvi hizi sikuzipata kwa kulea wajukuu. Nimezipata kwa kubembeleza chipu zikubali kuongea na chipu nyingine.

Nilikuwa binti wa Mabatini, hapa Mwanza, nimetoka chuo cha ufundi, cheti bado kinanuka wino. Kazi niliipata kwenye karakana ya Mzee Maduhu, pale Mkuyuni. Mzee huyu alikuwa fundi wa umeme aliyesoma akasomeka. Ujana wake wote alitunza mashine za baridi kwenye viwanda vya samaki, na alipochoka kutumwa akafungua karakana yake mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na dogo. Ukiacha bisibisi mezani baada ya kazi, utasikia jina lako na la baba yako.

Sasa akaja mama mmoja, dada Nyamizi, kutoka ng'ambo ya Busisi. Mjane. Marehemu mume wake alimwachia ng'ombe, na yeye, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, akawauza akaweka vizimba vya samaki ziwani. Wee! Kwa Msukuma kuuza ng'ombe wa marehemu ukanunua nyavu na mapipa ya kuelea, hiyo ni habari ya kuitishia kikao. Shemeji zake walimwambia wazi kwamba wanasubiri samaki hao wafe, kisha waje wachukue watoto na kilichobaki.

"Mzee wangu," alimwambia Mzee Maduhu, amekaa kwenye benchi letu na hataki hata maji ya kunywa, "ng'ombe wale walikuwa wa wanangu. Mimi nimewazamisha. Sato hawa wakifa, sina sura ya kuwatazama watoto."

Ziwa letu lina tabia moja ambayo wafugaji wa vizimba wanaijua na wanaiogopa kuliko wezi. Maji ya chini kabisa ni mazito, hayana hewa. Siku nyingi yanalala tu huko chini. Lakini upepo ukipiga vibaya, yanakorogwa na kupanda juu, na samaki walio huru hukimbia. Sato wa kwenye kizimba atakimbilia wapi? Anapanda juu, anatoa mdomo, anatweta, na muda mfupi baadaye anageuza tumbo. Dada Nyamizi aliona kwa jirani yake vizimba vizima vikiwa vyeupe kwa matumbo. Ndiyo maana alikuja kwetu.

Alikuwa amepata mashine ya kupuliza hewa majini, imetoka nchi ya mbali huko, na mashine ile ilikuwa na boksi lake dogo la kuiwasha na kuizima. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza boksi la pili, lenye kihisi, yaani kile kijiti kinachozama majini kupima. Boksi letu lipime hewa ya majini, liliambie boksi la mashine, na boksi la mashine lenyewe liamue kuwasha. Mtu asihusike. Viboksi viwili, kimoja kimezaliwa Mkuyuni na kingine sijui wapi, vielewane juu ya mapipa katikati ya maji.

Boksi la mashine lilikubali kuambiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni namba tupu, zikifuatana kwa mpangilio mliokubaliana: ya kwanza hewa, ya pili joto la maji, ya tatu nguvu ya betri. Basi. Njia ya pili ni ile lugha ya alama, XML, ambayo kila namba inavalishwa jina. Unafungua alama iliyoandikwa "hewa", unaweka namba, unafunga alama ya "hewa". Unafungua "joto", unaweka namba, unafunga "joto". Na zote unazifungia ndani ya alama moja kubwa inayosema hiki ni kipimo, cha kizimba fulani, cha saa fulani.

Mimi nikataka namba tupu, na nikataka kwa nguvu zote. Sikuwa mjinga, mwanangu, nikuambie ukweli. Chipu yetu ilikuwa na kumbukumbu finyu. Ilikula umeme wa sola. Ujumbe wa namba tupu ulikuwa mfupi kama kikohozi, na ule wenye alama ulikuwa mrefu kama hotuba ya diwani. Nikamwambia Mzee, tunapoteza umeme kwa kurudia majina ambayo kila mtu anayajua.

Mzee akaweka miwani mezani. Nilijua nimeyatimba.

"Kila mtu nani?" akaniuliza. "Mtu akipita hapo mlangoni akasema 'sita', akaondoka zake, wewe utajua ni sita nini? Ni mikate sita? Ni maiti sita?"

Akaendelea, na sauti inapanda, mafundi wengine wameinama wanajifanya wanatafuta skrubu.

"Wewe si Msukuma? Ukifika kwa watu wazima unasalimiaje? Unasema mwadila. Unajibiwa, halafu unaulizwa wewe ni ng'wa nani, mtoto wa nani. Unataja. Na hata anayekujua tangu unanyonya atakuuliza, na utataja. Umewahi kumwona mzee wa Kisukuma akiruka hapo kwa sababu ana haraka? Umewahi kusikia mtu akisema tunapoteza mate?"

Kweli, mwanangu. Kama hujakaa na Wasukuma, salamu zetu zitakuchosha. Nikiwa mdogo nilipelekwa kwa bibi yangu, kule Magu, na njia ya kwenda kuchota maji ilikuwa ndefu kwa sababu ya salamu, siyo kwa sababu ya umbali. Unapiga goti, unasalimia, unataja baba yako, unaulizwa habari za huko ulikotoka, ndipo mambo mengine yafuate. Nilidhani ni usumbufu wa wazee. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyebuni jambo lile alikuwa anakwepa hatari fulani.

Lakini sikukubali kirahisi. Nikajibu, kwa sauti ya chini maana nilikuwa na adabu zangu, "Mzee, chipu itashiba kabla ujumbe haujaisha. Na mashine nayo inajibu kwa maneno marefu vilevile."

Akacheka. Mzee Maduhu akicheka unajua umekwisha.

"Kwani wewe ugali unaumeza na sufuria yake? Si unakata tonge? Soma alama moja, ifanyie kazi, imeze, sahau, soma inayofuata."

Loo. Nilirudi kwenye meza yangu nimenuna mpaka mashavu yanauma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu naipenda, kwa hiyo nikasikia. Nikaandika programu upya, ya tonge kwa tonge. Boksi letu likawa haliweki ujumbe mzima kichwani. Linafungua alama, linatuma, linaweka namba, linatuma, linafunga, linatuma. Na jibu la mashine linasoma vivyo hivyo, jina kwa jina, linashika lile linalolihusu na kuliachilia linalobaki. Sikulala vizuri kwa majuma kadhaa, na maneno niliyomtukana Mzee moyoni Mungu ndiye anayeyajua.

Siku tuliyoviunganisha viboksi vile mezani, kabla ya kupeleka ziwani, tulitumbukiza kihisi kwenye ndoo ya maji. Boksi letu likasalimia, likataja hewa, joto na betri. Halafu boksi la mashine likajibu kwamba limepokea, limeelewa, hewa inatosha, mashine imepumzika. Mwanangu, chipu yetu ni kama punje ya maharage. Ile nyingine imetengenezwa na watu ambao hawajawahi kula dagaa wa Mwanza, hawajui kama kuna Mkuyuni duniani. Na zimeelewana! Fundi mmoja akasema "aisee", na wote tukasimama pale kama watu waliokuja kumwangalia mtoto mchanga.

Tukavifunga kwa dada Nyamizi. Vikafanya kazi. Miezi ikapita, sato wakanenepa, shemeji zake wakaanza kupita pale ufukweni na kusalimia kwa adabu. Nami nikaanza kusahau, kama ujana unavyosahau.

Halafu kihisi kikaota ukoko wa kijani na kuanza kuchoka. Muuzaji wetu akatuletea kingine, akasema ni kile kile, kimeboreshwa tu kidogo. Tukaenda mimi na Mzee asubuhi, tukapiga makasia kwenye mtumbwi wa kijana mmoja wa pale hadi kwenye vizimba, tukakibadilisha. Kilikuwa na akili yake ndogo ndani. Kilipanga vipimo na kuvivalisha alama chenyewe, boksi letu likawa ni la kupitisha tu. Tukaona taa ya kijani inawaka, tukarudi nchi kavu. Dada Nyamizi alikuwa ametupikia ugali na sato wa kukaanga, na asiyekula kwa mwenyeji wake anamtukana.

Tukiwa tunanawa mikono, upepo ukabadilika.

Siyo upepo wa mvua ule unaousikia kwa mbali. Huu ulikuja kutoka upande mwingine, ukavuta mawimbi mafupi mafupi ya hasira, na muda si mrefu tukasikia harufu ya tope lililooza. Dada Nyamizi aliwahi kuisikia kwa jirani yake. Aliacha bakuli la maji likaanguka, akakimbia ufukweni bila viatu. Tukamfuata.

Kutoka pale ufukweni vizimba vilionekana vizuri. Juu yake walikuwa wameshaanza kuzunguka wale ndege weusi wa ziwani, wapiga mbizi, na ndege wale hawaji bure. Halafu nikaona maji ya ndani ya vizimba yanachemka. Hayakuwa yanachemka, walikuwa sato. Wote wamepanda juu, midomo nje, wanatweta. Vidomo vingi visivyohesabika, vinafunguka na kufumba, kama watoto wanaolia bila sauti.

Dada Nyamizi akamshika shati yule kijana wa mtumbwi, "Nipeleke! Nipeleke niiwashe kwa mkono!" Yule kijana akatingisha kichwa, mawimbi yalikuwa yamekataa, na mtumbwi wake ulikuwa mwembamba. Nami nikamwelewa. Dada Nyamizi akaingia majini mwenyewe mpaka magotini, analia, anawaita wanawe majina mmoja mmoja, ilhali walikuwa shuleni. Sitasahau. Kila kitu chake kilikuwa pale, umbali wa kurusha jiwe mara chache, na sisi watu wazima wote tumesimama hatuna la kufanya.

Nilimwangalia Mzee Maduhu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kama alikuwa anasali au anahesabu, sikumwuliza.

Mashine ikaguruma.

Ilianza kwa kukohoa, kama kawaida yake, kisha ikashika. Povu jeupe likapanda katikati ya kizimba cha kwanza, kisha cha pili, kisha vyote. Wale ndege wakaruka juu kwa mshtuko. Tukasimama tunatazama, na polepole, kwa utaratibu, vile vidomo vikaanza kupungua. Sato wakawa wanarudi chini. Waliokufa walikuwepo, sitakudanganya, tuliwaokota kesho yake kwenye pembe za nyavu. Lakini walikuwa wachache, na wengi mno walirudi chini wakaendelea na maisha yao bila hata asante.

"Nani amewasha?" dada Nyamizi akauliza, bado yumo majini, kitenge kimelowa chote.

"Hakuna mtu, dada," nikamjibu. "Viboksi vimeongea vyenyewe."

Akakaa palepale kwenye maji, akacheka na kulia kwa pamoja. Kijana wa mtumbwi akavua kofia yake. Ndipo nikatoa simu, kwa sababu boksi letu hunitumia mimi pia nakala ya kila ujumbe, nikasoma kile viboksi vilichoambiana.

Mwanangu, ilibidi nisome mara mbili.

Ujumbe haukuanza na hewa. Ulianza na neno ambalo sisi hatukuliweka, "tope". Kile kihisi kipya kilichoboreshwa kilikuwa kinapima na uchafu wa maji, na kipimo hicho kilikuwa kimejiweka mbele kabisa ya foleni, namba kubwa nzuri iliyonona. Baada yake ndiyo ikafuata hewa, namba ndogo, ya mtu anayekufa. Hakuna aliyetuambia. Taa ilikuwa ya kijani.

Fikiria sasa. Tungekuwa tumetumia namba tupu kama nilivyotaka mimi, boksi la mashine lingechukua namba ya kwanza kama ilivyokubaliwa, lingeona ile namba kubwa ya tope na kuidhani ni hewa. Lingesema maji yana hewa tele, tulale. Na lingelala, mbele ya macho ya yule mama, hadi kizimba cha mwisho kigeuke cheupe. Namba zingekuwa sahihi zote, na hakuna kifaa ambacho kingeharibika wala kusema uongo. Samaki wangekufa tu kwa sababu namba ilikaa kiti cha mwenzake na hakuna aliyeiuliza ni ng'wa nani.

Lakini boksi lile la mbali lilisoma jina. Likafika kwenye "tope", likaona halilijui, halijawahi kulisikia. Halikushtuka, halikuzima, halikutupa ujumbe wote. Liliona pale alama inapofunguka na pale inapofungwa, likajua mgeni huyu anaanzia hapa na kuishia hapa, likamwachia njia apite. Likaenda kwa anayefuata, likamkuta hewa, likamsikiliza.

Nilimpa Mzee simu asome. Alisoma kwa muda mrefu, upepo unampeperusha shati. Mimi nilitegemea aniambie, si nilikuambia? Ningekuwa mimi ningesema, tena mara mbili, na kwenye karakana ningerudia. Yeye hakusema hivyo.

"Yule aliyeandika boksi lile hakujua kuna tope," alisema polepole. "Lakini alijua kwamba yapo asiyoyajua, akayaachia nafasi. Sijui ni mtu wa wapi. Mungu ambariki huko aliko."

Akanirudishia simu, akageuka upande wa ziwa, akapiga goti moja kwenye mchanga. Mzee yule, na magoti yake mabovu! Nami nikapiga langu. Sikujua tunamsalimia nani, lakini niliona ni halali yake kusalimiwa.

Basi mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu nimekuona juzi mezani, unapunguza majina ya vipimo ili ujumbe uwe mfupi, na unajisifu. Sikatai kwamba umeme ni haba. Punguza kwingine. Jifunze kula tonge kwa tonge, na jina liwe fupi kama lazima, lakini namba usiitoe nje ya nyumba uchi. Itaje ni nini, ni ya wapi, ni ya saa ngapi. Ukifungua, funga, maana asiyefunga alama zake huwaacha wenzake hawajui maneno yake yameishia wapi, na hilo ni kweli hata kwenye ndoa. Na siku kifaa chako kikiletewa neno kisilolijua, kifundishe adabu: kisipige kelele, kisizime, kimpishe mgeni kiendelee na kazi. Utaandika kwa ajili ya watu ambao hutawaona. Wema hauozi, hata ukifungwa ndani ya boksi la plastiki na kutupwa katikati ya maji.

Mtoto mkubwa wa dada Nyamizi amemaliza shule mwaka huu. Juzi amenipigia simu, shikamoo mama, nikamwitikia marahaba, akaniambia ametumwa na mama yake, wanavua Jumamosi na ataniwekea sato wawili wakubwa. Utakuja nami kule ng'ambo. Nataka uwaone wale sato wakiwa hai, ndipo uje uniambie alama ni ndefu.

Nenda sasa kafanye kazi. Mungu akupe mkono mtulivu na macho yasiyochoka mapema. Akupe mkuu wa kukugombeza wakati bado kuna muda. Na kitu utakachokiunda leo, siku ukiwa mbali, umelala au umezikwa, kimfikie mama mmoja usiyemjua akiwa amesimama majini analia, na kimkute kwa wakati.